Nyumba ya wageni inayopokea mbwa, jirani na bahari: uzoefu wangu

Sehemu nyingi zikitangaza kwamba mbwa wanakaribishwa, maana yake kuna banda nyuma ya jiko. Kwa hiyo kabla ya kulipa niliuliza moja kwa moja: mbwa wangu atalala wapi? Nikajibiwa atalala chumbani na mimi, mradi nitume cheti cha chanjo ya kichaa cha mbwa na nisimwache ndani peke yake. Masharti hayo yalinipa imani kuliko picha zote walizoweka. Anayeulizia chanjo ya mbwa wangu, bila shaka kamuulizia na mbwa wa chumba cha pili.

Nyumba iko mashambani, na baharini unafika kwa miguu. Chumba ni cha kawaida, sakafu ya vigae, hakuna zulia la kunasa manyoya. Bafu sina la kulisifia.

Kilichonifurahisha hasa ni bomba la nje. Liko mlango wa nyuma, lina mpira mfupi, na ukutani pana ndoano ya kufungia kamba. Mbwa akitoka baharini chumvi humkaukia mwilini, ngozi ikaanza kumwasha, na mchanga hujificha katikati ya vidole. Pale unamfunga, unamsuuza kuanzia miguuni, unamkausha kwa mataulo chakavu yaliyotundikwa hapohapo, ndipo mnaingia. Bakuli lake la maji lilibadilishwa kila mara bila mimi kukumbusha. Si jambo dogo: mbwa mwenye kiu hunywa maji ya bahari, yakamtapisha na kumharisha, na usiku huo hamlali.

Ufukweni tulikwenda alfajiri na jioni. Mchana mchanga unawaka. Ukishindwa kuuwekea kiganja, naye nyayo zitamuungua. Maji yakipwa ndiyo raha yenyewe, mchanga umeshikana na una ubaridi, mbwa anakimbia mpaka ulimi unaning'inia.

Sasa kasoro. Njia ya kwenda ufukweni inapita kwenye majani marefu, na kupe wamo. Kila tukirudi nilimpapasa masikioni, kwapani na chini ya ukosi, na sikukosa kitu. Niliwaambia wafyeke, wakaitikia vizuri sana, nikaondoka majani yakiwa vilevile. Pia lango lina uwazi mkubwa chini. Wangu ni pande la mbwa, kilipita kichwa tu, akaishia kuwabwekea wapita njia. Mbwa mdogo angetoka mzima na barabara iko hapo.

Kwenye chumba cha kulia chakula mbwa haingii. Mnatengewa meza barazani, na kwangu hilo ni haki, si kila mgeni anapenda kunuswa akiwa anakula.

Nitarudi. Ila mwenye mbwa mdogo apige simu kwanza, aulize kama lango limeshazibwa.