Ubao Mama Unaosahau: Uzoefu Wangu na Kompyuta ya Mifumo Miwili

Naandika haya nikiwa bado na hasira, na wala siifichi, kwa sababu jambo lililonipata lingeweza kumfanya mtu mwingine afute kazi yake ya miaka kwa kuamini neno la muuzaji. Ninalolilalamikia ni ubao mama, ule ambao mafundi wengi huuita mazabodi, nilioununua katika duka moja la Kariakoo muda mfupi kabla ya masika, pamoja na huduma niliyoipata nilipourudisha dukani hapo hapo. Kasi yake na idadi ya matundu yake mtaisoma kwenye boksi. Mimi nina neno moja tu, nalo linahusu programu dhibiti (firmware), yaani ile programu ya msingi iliyomo ndani ya ubao huo na inayoiwasha kompyuta, na namna inavyokataa kukumbuka kwamba kompyuta moja inaweza kuwa na mifumo endeshi miwili.

Kazi yangu ni kuchora ramani. Ramani zangu zote ziko upande wa Debian, mfumo endeshi wa familia ya Linux, pamoja na programu ya kuchorea ramani ya QGIS niliyoizoea, na upande wa Windows nina programu ya hesabu ambayo mwajiri wangu hataki kusikia mbadala wake. Nilianza kuweka Windows, nikafuatia Debian, na kwa majuma kadhaa nilikuwa nikiwasha kompyuta naletewa menyu ya GRUB, programu inayouliza uwashiwe mfumo upi, nachagua ninakotaka kuingia, nafanya kazi yangu. Dosari pekee niliyoiona siku zile ilikuwa ya saa: kila nikitoka Debian kuingia Windows, saa ilirudi nyuma kwa saa tatu kamili. Hilo siulaumu ubao hata kidogo. Debian huandika saa ya kimataifa, UTC, kwenye ubao, Windows huisoma kana kwamba ni saa ya Dar es Salaam, na kati ya saa hizo mbili kuna tofauti ya saa tatu. Amri moja ilitosha kulimaliza.

Mambo yaliharibika nilipoongeza RAM. Ubao haukuisoma, na duka likaniambia niipeleke kompyuta ili wasasishe programu dhibiti, ushauri ambao ulikuwa sahihi kabisa. Niliiacha kwao, nikaifuata baada ya siku mbili. RAM ilikuwa inasomeka. Ila kompyuta iliwaka moja kwa moja hadi Windows, bila menyu yoyote, na nilipofungua orodha ya kuwashia kwenye ubao sikuliona jina la Debian. Nikamuuliza kijana wa kaunta Debian imekwenda wapi.

“Dada, hiyo Linux yako imefutika,” akanijibu huku macho yake yakiwa kwenye simu. “Mashine hizi zimetengenezwa kwa Windows. Hayo mambo mengine mnayoyaokota mtandaoni ndiyo yanayoharibu mazabodi.”

Nikamuuliza itafutikaje ikiwa wao wenyewe wamesema hawakuigusa diski. Hapo ndipo alipoinua uso.

“Sasa dada, fundi ni wewe au ni mimi?”

Wateja wawili waliokuwa nyuma yangu wakacheka. Akaongeza kwamba kwa malipo kidogo angenisafishia diski yote na kuniwekea Windows upya, ikae vizuri. Nilibeba kompyuta yangu nikaondoka bila kuaga, na usiku ule nilikaa nikihesabu ramani ambazo sikuwa na nakala yake popote, nikimwamini nusu nusu.

Alikuwa amekosea, na kosa lake linastahili kuelezwa vizuri ili asimdanganye mwingine. Katika kompyuta zilizorithi utaratibu wa BIOS, programu dhibiti ya zamani ya mwaka 1981, ubao ulisoma baiti 512 za mwanzo kabisa wa diski na kutekeleza chochote ulichokikuta pale. Nafasi ilikuwa moja, kwa hiyo mfumo uliowekwa mwisho uliweza kumfunika mwenzake, na enzi zile ningemwelewa mtu anayesema kwamba mifumo miwili hugombana. UEFI, utaratibu mpya ulioshika nafasi ya BIOS na ambao jumuiya inayousimamia iliundwa mwaka 2005, iliuondoa ugomvi huo. Diski hutengewa kipande kidogo chenye mpangilio wa FAT32, na ndani yake kila mfumo hupata folda yake: Windows kwenye EFI/Microsoft, Debian kwenye EFI/debian. Kisha ubao, katika kumbukumbu yake wenyewe iliyo nje ya diski, huweka orodha fupi ya majina, kila jina na njia ya faili lake, pamoja na mpangilio wa nani ajaribiwe kwanza. Programu dhibiti inaposasishwa, ubao unaweza kurudi katika hali ya kiwandani na orodha hiyo ikafutwa. Kinachopotea ni mstari mmoja tu wa anwani, na nyumba yenyewe iko pale pale.

Asubuhi niliwasha kompyuta kwa flashi, nikafungua kile kipande cha FAT32, na folda ya debian ilikuwepo na mafaili yake yote. Ramani zangu zilikuwepo, kila moja. Nililia, na sioni haya kulisema. Kwa efibootmgr, amri ya Linux ya kuhariri orodha ya kuwashia, nililirudisha jina la Debian kwenye orodha, nikaliweka la kwanza, na dakika tano baadaye nilikuwa kazini. Kijana aliyetaka kunifutia diski kwa malipo angeweza kufanya hivyo hivyo mbele ya macho yangu, bure, kama angetaka kujua anachokiuza.

Siku ile niliandika tathmini ya kuusifu ubao na kulilaumu duka peke yake. Nashukuru sikuituma, kwa sababu jioni umeme ulikatika mtaani kwetu, na uliporudi nikawasha kompyuta, Debian ilikuwa imepotea tena kwenye orodha. Nikairudisha. Siku chache baadaye umeme ukakatika tena, na tena ikapotea. Nilijaribu kwa makusudi: nikizima kompyuta kwa utaratibu na kuiacha kwenye soketi, jina linabaki, nikichomoa waya kwa muda kisha nikachomeka, jina halipo. La Windows halipotei hata siku moja, maana ubao ukikuta faili la Windows kwenye njia yake unayoijua, hujiandikia jina hilo wenyewe bila kuombwa. Kwa mtu anayeishi penye umeme usiokatika, huenda kasoro hii isionekane kwa mwaka mzima. Mimi naishi Dar es Salaam.

Hiki ndicho kinachonichoma. Kanuni za UEFI zimeweka wazi kwamba orodha ya kuwashia na mpangilio wake ndivyo ubao unavyopaswa kuvifuata. Mwenye kompyuta anapanga, ubao unatii. Ubao unaokumbuka mfumo mmoja na kumsahau mwingine umejifanyia uamuzi ambao si wake, na mtumiaji asiyejua habari za efibootmgr ataamini, kama nilivyokaribia kuamini, kwamba kazi yake imefutika. Niliwaandikia watengenezaji nikieleza majaribio yangu yote hatua kwa hatua. Jibu lao lilikuwa na sentensi mbili: mfumo wanaouhudumia ni Windows, na wanashauri niuweke upya. Sikuwa nimewauliza habari za Windows.

Dawa nimeipata kwa watu wa Debian, ambao wanazijua mbao za namna hii kiasi cha kuziwekea swali lake mahususi wakati wa kusakinisha. Kila ubao wa UEFI hutakiwa kujua njia moja ya akiba, EFI/BOOT/BOOTX64.EFI, ile ile inayowezesha flashi kuwaka bila kuandikishwa popote. Ukiruhusu Debian iweke nakala ya faili lake la kuwashia mahali hapo, ubao huikuta hata ukiwa umesahau kila kitu. Nilifanya hivyo, na kwenye orodha likatokea jina jipya la jumla lisilotaja Debian. Nikaliweka juu, nikachomoa waya, nikasubiri, nikachomeka. Menyu ya GRUB ikatokea. Nimerudia mara nyingi na haijashindwa. Wala sikulazimika kuzima Secure Boot, ulinzi wa ubao unaokataa kuwasha mafaili yasiyo na saini inayoaminika, ambayo Debian inaikubali tangu toleo la 10 la mwaka 2019. Yeyote atakayekwambia uizime kabla hajaangalia orodha ya kuwashia, muulize sababu.

Basi ubao huu nauhukumuje? Kwa haki, tangu nimeununua haujapata joto la kutisha, haujazimika katikati ya kazi, na RAM yangu yote inasomeka. Nilikusudia kuupa nyota tatu. Lakini kila nikikumbuka sentensi zile mbili za watengenezaji, na usiku ule wa kuhesabu ramani, mkono unakataa, kwa hiyo naupa mbili, na kama wewe unatumia Windows peke yake, hesabu kwamba nimeupa nne. Duka silipi hata nyota moja. Nimesikia kijana yule bado yuko kaunta, na juma lililopita binti mmoja tunayefanya naye kazi alitaka kupeleka kompyuta yake pale kwa tatizo kama langu. Nilimwambia aje nayo nyumbani kwangu Jumamosi, alete na flashi.