Mpango wa uji shule ya msingi ya mtaani kwetu: nyota 3 na nusu

Mi sio mpenzi wa vikao vya shule kabisa. Nilienda kile kimoja kwa vile mume wangu alikua safarini, nikarudi na jina langu limeandikwa zamu ya uji kila Alhamisi, hata sijui nilinyoosha mkono saa ngapi. Sasa nimepiga zamu mwaka na nusu na kila nikipita sokoni wazazi wananiuliza vipi ule mpango wa kujitolea unafaa au tunaliwa hela, basi nimeona niandike hapa niulizwe mara moja.

Ni shule ya serikali, Mbagala, jina naliacha. Watoto ni wengi mpaka wanasoma kwa mikondo miwili na wale wa asubuhi wengine wanatoka nyumbani giza bado, hawajatia kitu mdomoni. Watu wanasema elimu ni bure tangu 2016, ni kweli ada hamna, ila chakula hakijawahi kuwemo humo, mtoto wa kutwa anakula kwa mzazi wake. Ruzuku ya serikali kwa shule ya msingi ni elfu kumi kwa mtoto kwa MWAKA. Gawanya mwenyewe kwa siku za shule uone kama inatoka hata sukari.

Utaratibu ni hivi, anayeweza anachangia mia tatu kwa siku, wazazi wa zamu wanafika saa kumi na moja na nusu, moto, sufuria mbili kubwa, saa nne kengele inalia. Uji wenyewe mzuri, unga wa mahindi na soya kidogo, hauna mabonge (Alhamisi hauna, siku zingine siwasemei). Mahindi tunachagua wenyewe kabla hayajaenda mashine, yenye ukungu tunatupa bila huruma, maana ile sumukuvu ya Dodoma na Manyara 2016 iliua watu.

Kinachonifanya nibaki ni daftari. Tuna mama mmoja muuza genge, hajasoma sana ila hesabu zake aisee, hela yote anashika yeye na mzazi mwingine, mwalimu haigusi. Kila Ijumaa karatasi inabandikwa mlangoni kwa ofisi, unga kiasi gani, kuni kiasi gani, iliyobaki kiasi gani. Tangu 2018 Magufuli alipopiga marufuku michango shuleni walimu wengi wanaogopa hela ya mzazi kama moto na mi nawaelewa, kwa hiyo huu mpangilio umewapunguzia presha hata wao.

Sasa nyota nilizokata. Muhula wa kwanza ambao hawajalipa walisimamishwa pembeni na vikombe vyao vitupu wakiangalia wenzao wanakunywa. Siku ile nilitaka kuacha, kuna katoto ka darasa la pili kalikua kanalamba kikombe kikavu, sitasahau. Tuligombana kikaoni mpaka mwenyekiti wa mtaa akaitwa, ikaamuliwa wote wanakunywa, asiye na hela alete kuni au aje kuosha sufuria, na kweli wanakuja, baba mmoja wa bodaboda anatubebea maji kila Jumatatu kabla hajaingia kijiweni. Lakini bado siku moja moja utasikia majina ya wasiolipa yanasomwa mstarini. Hiyo imekata nyota nzima.

Nusu nyingine nimewakatia wageni. Kuna kampuni ilikuja na tisheti mpya, mabango, mpiga picha, wakapaka rangi ukuta ambao wageni wengine walishaupaka mwaka uliopita. Tukawaomba sinki na koki mbili za kunawia mikono, wakasema watalifanyia kazi. Mpaka leo tunanawisha kwa jagi, ila ukuta unang'aa kweli kweli. Hakuna aliyewauliza mapema wanakuja kufanya nini, na hapo kosa ni la kamati yetu sio lao peke yao.

Ukitaka kujiunga usisubiri kikao, nenda tu asubuhi jikoni utapewa mwiko. Vaa kanga ambayo huionei huruma, moshi hautoki. Na kama una mtoto anaanza darasa la kwanza, mnunulie kikombe cha bati chenye mkono, jina andika kwa rangi ya kucha, la peni linafutika wiki ya kwanza afu mnaanza kugombania vikombe.