Amplifaya kwa mwenye mgongo mbovu: ipi ununue, ipi uiache dukani

Kwenye tangazo la amplifaya, wati huandikwa kwa herufi kubwa na kilo huwekwa mwisho kabisa wa karatasi. Kama umefanyiwa upasuaji wa ngiri, kama pingili za mgongo zinakusumbua, au umri umesogea na mikono haina nguvu za zamani, isome karatasi hiyo kuanzia chini kwenda juu.

Uzito una sababu yake. Amplifaya za mtindo wa zamani, ambazo bado zinatengenezwa, hutumia transfoma kubwa: donge la chuma lililozungushiwa nyaya za shaba. Umeme wa ukutani unakwenda kwa hezi 50, yaani mara 50 kwa sekunde, na kasi ndogo hivyo inataka kiini kikubwa. Ongeza mapezi ya alumini ya kupozea transista. Amplifaya za aina iitwayo klasi D ni jambo jingine. Transista zake zinawaka na kuzima mara laki kadhaa kwa sekunde, joto linalopotea ni dogo, na pawa saplai ya kuswichi, inayokatakata umeme kwa kasi kubwa, inatosheka na transfoma inayoenea kiganjani.

Kilo ngapi ni nyingi? HSE, mamlaka ya Uingereza inayosimamia usalama kazini, ina vipimo vya mwongozo kwa watu wazima wenye afya. Mzigo ukiwa usawa wa kiuno na umekumbatiwa karibu na mwili: kilo 25 kwa mwanamume, 16 kwa mwanamke. Mikono ikinyooshwa mbele: 15 na 10. Mzigo ukiwa sakafuni na mikono imenyooshwa: 5 na 3. Sasa tazama kinachotokea unapoingiza amplifaya yenye kina cha sentimita 40 kwenye shelfu ya chini ya kabati la TV. Umeinama, mikono iko mbali na kifua, na kwa kuwa transfoma mara nyingi imefungwa upande mmoja, mkono mmoja unabeba zaidi ya mwingine. Hapo unahesabiwa kwa zile 5 na 3, na hizo ni za mtu asiye na maumivu.

Nimezipanga kuanzia ya kununua hadi ya kuacha. Namba moja: klasi D ndogo yenye kila kitu ndani. Hii ndiyo ningemnunulia mama yangu mzazi bila kusita. WiiM Amp ina kilo 1.84 na inatoa wati 60 kila upande kwenye spika za omu 8. Sonos Amp ina kilo 2.1 na wati 125 kila upande. Zote mbili zinapokea muziki wa mtandaoni na zina tundu la HDMI la kuunga TV, kwa hiyo hakuna kifaa cha pili cha kubeba. Anayeogopa kwamba wati 60 ni chache apige hesabu hii: spika ya desibeli 88 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) ikipewa wati 1 inatoa desibeli 88 ukiwa mita moja, na kila ukizidisha wati mara mbili unaongeza desibeli 3. Wati 16 tu zinakufikisha 100. Kwa sebule ya kawaida hizo zinatosha na kubaki.

Kasoro zipo. Ya kwanza ni ya wepesi wenyewe: waya nene za spika zinaweza kuivuta ikadondoka nyuma ya meza, basi zifunge waya kwenye mguu wa meza ili uzito wake usining'inie kwenye kifaa. Ya pili ni ufundi. Fundi wa Kariakoo au wa barabara ya Luthuli pale Nairobi anabadilisha transista za amplifaya ya zamani kwa risasi ya kuungia waya na mkono wake, lakini bodi ya klasi D ikiungua, mara nyingi inabadilishwa nzima. Kinga dhidi ya umeme unaopanda na kushuka nunua siku hiyohiyo.

Namba mbili: spika zenye amplifaya ndani. Mzigo umegawanyika mara mbili na unabebwa kwa safari mbili. Hakuna kisanduku cha tatu. Nimeziweka chini ya klasi D kwa sababu amplifaya ikifa, spika nayo imekwenda.

Namba tatu: amplifaya ya stereo ya kawaida, ya kilo 10 hivi. Yamaha A-S301 ina kilo 9, na A-S501 inazidi kidogo 10. Ni vifaa vizuri, vina vitufe vikubwa vya kuzungusha ambavyo vidole vyenye baridi yabisi vinavishika bila taabu, na vinatengenezeka. Ila usiinunue kama nyumbani hakuna mtu wa kukusaidia siku ya kuhama au ya kufagia nyuma ya kabati.

Namba nne: risiva ya sinema ya nyumbani, yaani amplifaya ya spika nyingi inayounganishwa na TV. Denon AVR-X3800H ina kilo 12.5. Kinachochosha zaidi ya uzito ni nyuma yake: kila waya mpya ni kuivuta tena. Iweke juu ya kipande cha zulia kilichogeuzwa, manyoya chini, ili miguu yake ya mpira ising'ang'anie mbao na uweze kuitelezesha kwa mkono mmoja. Funga plagi za banana, vile vichomeko vya ncha ya waya, kwenye waya za spika, na acha waya ndefu za kutosha kuigeuza palepale ilipo.

Mwisho: mazito yenyewe. Yamaha A-S3200 inakaribia kilo 25, Denon AVC-A1H ni kilo 32. Kundi hili lina pia amplifaya za mtumba kutoka Japani, zinazovutia kwa bei na urembo. Umeme wa Japani ni volti 100. Ukiichomeka moja kwa moja kwenye umeme wetu, wenye volti zaidi ya mara mbili ya hizo, umeiunguza, na transfoma ya kushusha umeme ni mzigo mwingine juu ya ule wa kwanza.

Kama moyo umeshaamua, usiinyanyue kutoka ndani ya boksi. Laza boksi ubavu, fungua vifuniko vya chini na uvikunje nje kabisa, lisimamishe tena, fungua juu, kisha vuta boksi lipande peke yake. Amplifaya itabaki imekaa sakafuni na vipande vyake vya povu. Kutoka hapo hadi mezani ni kazi ya watu wawili, na mahali pake pawe usawa wa kiuno.

Dukani, ingiza kazi hiyo kwenye bei. Muuzaji alete, apandishe ngazi, aiweke mahali pake, aunge spika na kuwasha mbele yako, ndipo umalizie malipo.