Meza ya vitabu vya mitumba, Ngamiani

Kijana huyu hutandaza vitabu juu ya turubai, vya watoto mbele. Nilichukua Harry Potter cha kwanza, kile cha mwaka 1997, hadithi ya mtoto anayesomea uchawi, kwa shilingi 7,000 baada ya kupatana. Binti yangu wa darasa la sita alikuwa akikililia tangu Pasaka.

Kabla ya kumpa nilikisoma mwenyewe, usiku tatu. Nafundisha shule ya Jumapili, na makatazo ya Kumbukumbu la Torati 18 nayajua: atazamaye bao, msihiri, alogaye kwa kupiga mafundo. Kwetu Tanga hayo si hadithi. Ninazijua nyumba zilizovunjika kwa neno "mchawi" tu.

Ndani ya kitabu hiki sikukuta mtu anayepandisha pepo. Uchawi wao ni kipaji cha kuzaliwa, na kinachomkinga Harry, yule mtoto, ni upendo wa mama yake aliyekufa akimtetea. Hapo nililia. Kilichonikera ni watoto kuwadanganya walimu, kisha wanapewa pointi. Hilo nimemwambia binti waziwazi. Sasa tunasoma pamoja. Juzi akauliza, "Mama, fimbo ya Harry ni kama tunguri la mganga?" Tulifunga kitabu, tukaongea mpaka chai ikapoa.

Nakala ya kwanza ilikosa kurasa mbili katikati. Nilipoirudisha, kijana alinibadilishia bila ubishi: "Shikamoo mama, samahani, kagua na hii kabla hujaondoka." Nitarudi kwake. Nendeni asubuhi, mchana jua linapiga turubai lote na vitabu vinajikunja.