Fundi aliyeninolea viatu msimu mzima

Nacheza beki katika ligi ya mkoa ya hoki ya barafu, ile ya wakubwa wa ridhaa: mchana tuko kazini, usiku uwanjani. Msimu huu viatu vyangu vya kuteleza, vyenye chuma chembamba chini ya soli, vimenolewa na fundi wa kile chumba kidogo kilicho nyuma ya vyumba vya kubadilishia nguo, na kwa kazi ya kunoa sijaona wa kumfikia.

Mwanzoni nilinolewa kwingine. Mechi ya pili nageuka kushoto kumkimbiza winga wao, mguu wa kulia ukakataa kushika barafu. Nikaanguka kifudifudi, wakafunga. Kesho yake fundi huyu akageuza kiatu juu chini, akalaza sarafu juu ya chuma. Ikainama. Makali ya nje yalikuwa yamezidi ya ndani.

Chuma hiki hakinolewi kama kisu. Chini kina mfereji, na kila ukingo wa mfereji una makali yake. Yasipolingana kimo, mguu hauaminiki. Kabla ya kuwasha mashine aliniuliza uzito wangu na nafasi ninayocheza. Nina kilo 96, na barafu ya nyumbani ni laini, kwa hiyo akaninolea kwa kipimo cha 5/8 ya inchi, yaani nusu kipenyo cha duara la mfereji: duara likiwa kubwa, mfereji huwa wa juujuu usiozama sana. Tulipokwenda kucheza kwenye uwanja wenye baridi kali na barafu ngumu, akaupeleka kwenye 1/2, unaozama zaidi, ili makali yaume. Tofauti niliisikia magotini tangu zamu ya kwanza.

Napenda anavyomaliza. Mashine ikizimwa, anachukua jiwe dogo lenye mafuta, anapitisha ubavuni taratibu kuondoa vichembe vya chuma vilivyojikunja, kisha anakwangua ukucha wa dole gumba kwenye makali, kisigino hadi ncha. Ukiacha unga mweupe, anakukabidhi. Usipoacha, anaanza upya, na foleni isubiri.

Lawama yangu ni moja: siku ya mechi hapokei viatu jioni, na wengi wetu ndiyo kwanza tunatoka kazini. Nusu fainali mwenzangu aliingia na makali butu akateseka vipindi vyote 3. Fundi, tunakuomba saa moja tu zaidi siku hizo.

Ukimpelekea, futa chuma kikauke kwanza. Chenye kutu hakigusi.