Sili na beringi za HJ60 kutoka duka la vipuri la Majengo, Dodoma

Ninaifufua mwenyewe, uani kwangu Area C, Land Cruiser HJ60 yenye injini ya dizeli ya 2H ya silinda 6. Grisi iliyochanganyika na oili ya difu (gia za katikati ya ekseli) ilipoanza kuvuja kwenye kifundo cha gurudumu la mbele, nilitambua kwamba sili ya ndani ya ekseli, yaani pete ya mpira inayozuia oili isivuje, imekwisha, nikaenda katika duka dogo la vipuri karibu na soko la Majengo. Muuzaji hakuanza na bei. Aliomba sili ya zamani, akaifuta kwa kitambaa, akasoma namba za ukingoni, kisha akanionyesha kwa ukucha jinsi mdomo wa mpira ulivyokakamaa. Uangalifu wa namna hiyo ninauthamini sana, kwa sababu sili isiyo ya kipimo chake humlazimu mtu kufungua hab (kitovu cha gurudumu) upya. Beringi nilizonunua hapo pamoja na sili zilikaa barabara. Gasketi za karatasi, hata hivyo, ni nyembamba mno, na moja ilichanika nilipokuwa nikiifunga, hivyo inafaa kununua za ziada. Nimekwenda Hombolo na kurudi katika vumbi jingi, na kifundo bado ni kikavu.