Springi za chuma chini ya raba: zinafaa kwa kukimbia kwenye barafu?

Ndugu watazamaji, karibuni. Hii niliyoishika ni jozi ya mipira inayovalishwa juu ya raba, yenye springi nyembamba za chuma chini yake za kumzuia mkimbiaji asiteleze. Nimeitumia kwa majuma sita hapa Minneapolis, Marekani, hasa kwenye njia inayozunguka ziwa Bde Maka Ska, ambayo ni takriban kilomita 5.

Theluji mpya si tatizo kubwa, maana hushika mguu vizuri kuliko wengi wanavyodhani. Taabu huanza inapoyeyuka kidogo mchana, maji yakatapakaa juu ya lami na kuganda usiku, hata alfajiri ukakanyaga utando wa barafu usioonekana kabisa. Chumvi inayomwagwa barabarani husaidia, lakini baridi ikizidi nyuzi 9 chini ya sifuri, chumvi ya kawaida karibu haifanyi kazi, na Januari hapa asubuhi nyingi huwa na baridi kali kuliko hiyo.

Tazameni ninavyoivaa: unaanzia mbele ya kiatu, kisha unavuta mpira hadi kisiginoni. Sebuleni ni kazi ya sekunde chache. Nje, mpira ukishapoa hukakamaa, nawe vidole vimekufa ganzi, kwa hiyo ivalieni mlangoni kabla ya kutoka, ingawa sakafu yangu ya mbao imeshapata mikwaruzo.

Kwenye theluji iliyoshindiliwa, springi hizi huuma vizuri na hatua yangu haibadiliki. Kwenye barafu laini kama kioo hupunguza tu utelezi, kwa kuwa hazina meno. Palipokwanguliwa theluji ndipo zinaponiudhi: chuma hugonga lami, unyayo huyumba, na springi hulika haraka. Sogeeni mwone hapa, chini ya dole gumba la kulia. Imekatika katika juma la nne. Vigae navyo ni hatari zaidi. Niliingia dukani kununua maziwa bila kuzivua, nikateleza hadi nikadaka meza ya keshia.

Mwenye njia iliyofunikwa na theluji mwanzo hadi mwisho namshauri anunue. Mimi, ambaye nusu ya njia yangu hukwanguliwa mapema, nimeiweka jozi hii karibu na mlango kwa ajili ya siku zile tu ambazo theluji imeanguka usiku kucha na magari ya kukwangua bado hayajapita.